MASIKIO YA RUBANI NI CHOMBO CHA KAZI



Kila mfanyi kazi ana chombo chake. Seremala ana randa, dereva ana usukani, fundi ana spana. Chombo kikivunjika, mwenye kazi hutafuta kingine dukani na kazi ikaendelea. Lakini kiko chombo kimoja ambacho hakiuzwi duka lolote, wala hakuna fundi awezaye kukirudisha kilivyokuwa kikisha kuharibika. Chombo hicho ni sikio. Leo twataka kusema habari za masikio ya rubani, na habari za kile kifaa anachokivaa kichwani kutwa nzima, yaani hedseti.

Twajua wako watakaouliza: "Kwa nini karatasi yetu ipoteze wino kwa ajili ya marubani? Hao si wenye mishahara mikubwa?" Twawajibu mambo matatu.

Kwanza, si kila rubani ana mshahara mkubwa. Yuko kijana aliyetoka chuoni jana, ambaye jamaa zake waliuza shamba ili apate leseni, na sasa anarusha ndege ndogo kutoka Wilson akipeleka miraa, dawa, watalii au maiti, na analipwa kwa saa alizoruka. Mwezi wa mvua asiporuka, halipwi. Huyo ni mfanyi kazi kama wewe.

Pili, kelele haimwulizi mtu cheo chake. Injini inayomwumiza rubani humwumiza vile vile mpakizi wa mizigo, mtia mafuta, na yule ndugu anayesimama mbele ya ndege akiiongoza kwa mikono.

Tatu, rubani asiposikia vizuri, wanaoketi nyuma yake wako hatarini. Huenda mmoja wao ni mama yako anayetoka Lodwar kwenda hospitali.

KELELE HULA SIKIO KIDOGO KIDOGO

Nguvu ya kelele hupimwa kwa desibeli. Kipimo hiki hakiendi kama kilo za sukari. Desibeli zikiongezeka 3 tu, nguvu ya kelele imekuwa mara mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Hii ni 88 na ile ni 85, tofauti ni ndogo," usimwamini. Tofauti si ndogo.

Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani husema mfanyi kazi asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Ikiwa 88, saa 4. Ikiwa 91, saa 2. Ikiwa 94, saa 1. Ikifika 100, robo saa tu. Sasa fikiri: ndani ya ndege ndogo ya propela, mara nyingi kelele huwa kati ya desibeli 85 na 100. Rubani anayetoka Nairobi kwenda Mandera na kurudi bila kinga nzuri huenda amekwisha kula posho yake ya kelele hata kabla ya kufika Wajir.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, navyo ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kali huvilaza kama upepo unavyolaza mtama. Mwanzoni husimama tena baada ya mapumziko, na ndiyo maana mtu hutoka kazini masikio yakivuma, akalala, akaamka mzima. Lakini vikilazwa kila siku, hufa. Na kwa binadamu, kinyweleo kikisha kufa hakioti tena.

Ubaya wake ni kwamba hakuna damu wala maumivu. Haba na haba hujaza kibaba. Zinazopotea kwanza ni sauti nyembamba, zile za herufi kama s, f na t. Mtu husema, "Nasikia watu wakisema, lakini sielewi wasemavyo." Mkewe humlaumu kwamba hamsikilizi. Watoto huambiwa wapaze sauti. Hapo ugonjwa umekwisha kujenga nyumba.

Kwa rubani jambo hili si la nyumbani tu. Kwa kanuni za kimataifa, rubani wa ndege za biashara hupimwa masikio anapopata cheti cha afya mara ya kwanza, kisha kila miaka 5 mpaka afikapo umri wa miaka 40, na baada ya hapo kila miaka 2. Akikutwa amepungukiwa zaidi ya desibeli 35 katika sauti za kadiri, au zaidi ya 50 katika sauti nyembamba ya mitetemo 3,000 kwa sekunde, mkate wake umeingia mashakani. Tuseme basi mtu huruka saa 80 kwa mwezi kwa miaka 20. Hizo ni saa 19,200 karibu na injini. Twauliza: nani anayezihesabu saa hizo kwa upande wa masikio? Saa za injini zimeandikwa kitabuni, na fundi hujua siku ya kuifungua. Saa za sikio hazina kitabu.

Tena kazi ya rubani yategemea neno lililosikika sawasawa. Si bure kwamba katika redio za ndege namba 9 hutamkwa "niner" na si kama Waingereza wanavyoitamka nyumbani kwao. Ni kwa kuwa watu walikwisha ona kwamba neno moja likichanganywa na lingine laweza kuua. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika njia ya kurukia, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, ukungu ukiwa mmojawapo, lakini moja ilikuwa hii: watu wawili walisema redioni kwa wakati mmoja, na chumbani mwa rubani aliyekuwa akianza kuruka ukasikika mluzi badala ya maneno kamili. Hatusemi kwamba hedseti ndiyo iliyoleta msiba ule. Twasema kwamba katika kazi hii kusikia nusu ya neno si jambo dogo.

HEDSETI ZIKO ZA NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni ile ya kuziba tu. Ni vikombe viwili vigumu vyenye mito laini, vinavyobanwa juu ya masikio na upinde wa kichwani. Haina betri wala ufundi wa siri. Kampuni ya David Clark ya Marekani imetengeneza za namna hii kwa ndege ndogo tangu mwaka 1975, na ile ya rangi ya kijani kibichi inajulikana katika viwanja vingi vya ndege duniani. Ikipimwa katika maabara hukata kama desibeli 23. Ubora wake ni kwamba haiwezi kuzimika. Ubaya wake ni uzito, karibu nusu kilo, na kwamba mngurumo mzito wa injini hupenya vikombe kama vile ngoma ya jirani inavyopenya ukuta wakati maneno yake hayasikiki.

Namna ya pili ni ile inayoua kelele kwa umeme. Ndani ya kikombe mna mikrofoni ndogo inayosikiliza mngurumo. Mtambo mdogo hutengeneza sauti nyingine iliyo kinyume cha ule mngurumo. Wimbi la kwanza likipanda, la pili hushuka, yakikutana, hulala. Wazo hili si la jana. Mjerumani Paul Lueg alipata hati yake Marekani mwaka 1936. Lakini miaka mingi ilipita kabla halijaingia kichwani mwa rubani. Mwaka 1986, Dick Rutan na Jeana Yeager walipoizunguka dunia katika ndege yao Voyager bila kutua, walivaa hedseti za majaribio za namna hii zilizotengenezwa na Bose. Mwaka 1989 kampuni hiyo ikaanza kuziuza kwa marubani. Siku hizi zinatengenezwa na kampuni nyingi.

Mtambo huu ni hodari kwa sauti nzito. Chukua Cessna Caravan, ndege iliyo nyingi hapa kwetu. Propela yake ya mapanga matatu huzunguka mpaka mara 1,900 kwa dakika. Maana yake ni kwamba panga hupiga hewa kama mara 95 kwa kila sekunde. Huo ni mngurumo mzito kabisa, na ndio hasa unaouawa vizuri na hedseti ya umeme. Sauti nyembamba, kama mluzi wa upepo mlangoni, hazimwogopi mtambo. Hizo hukatwa na kikombe na mto wake. Kwa hiyo hedseti njema huhitaji vyote viwili, mtambo mzuri na kikombe kinachoziba. Mwenye kununua mtambo akasahau kikombe amenunua nusu.

Yako manufaa mengine ya hedseti ya umeme ambayo watu hawayasemi. Mngurumo ukiondoka, rubani hupunguza sauti ya redio. Wengi wenye hedseti mbovu hufungulia redio mpaka mwisho ili kuishinda injini, na hivyo redio yenyewe huwa kelele ya pili. Tena uchovu hupungua. Mtu aliyekaa saa 6 katika ngurumo hutua akiwa amechoka kama aliyelima, na kutua ndiko kunakotaka akili nzima.

JINSI YA KUCHAGUA

Twatoa shauri hili kwa mwanachama anayelazimika kununua mwenyewe. Alikate na kulitia mfukoni.

1. Tazama kwanza tundu la ndege yako. Ndege ndogo nyingi hutumia plagi mbili, moja nene ya kusikilizia na moja nyembamba ya mikrofoni. Helikopta nyingi hutumia plagi moja. Ndege za Airbus zina plagi ya pini 5. Ziko pia hedseti zinazokula umeme wa ndege kwa tundu la pekee. Ikiwa leo unarusha hii na kesho ile, nunua ya betri, maana si kila ndege ina tundu hilo.

2. Izime kabla ya kuisifu. Hedseti ya umeme siku moja itaishiwa betri, na siku hiyo huenda ikawa katikati ya mvua. Ivae ikiwa imezimwa karibu na injini. Ikiwa kelele yote inaingia kama mlango ulio wazi, iache. Na ukiinunua, betri za akiba zikae mkobani daima, si nyumbani.

3. Ivae saa nzima, si dakika mbili. Dukani kila kofia ni nzuri. Ivae na miwani yako ya kazi na kofia yako. Mikono minene ya miwani huinua mto na kufungua ufa, na kelele hupita katika ufa kama maji. Afadhali ununue miwani yenye mikono myembamba kuliko kupoteza nusu ya kinga uliyoilipia. Sikiliza utosi wako na taya zako: baada ya saa moja, je, waumwa? Kama waumwa dukani, huko angani utaivua, na hedseti iliyovuliwa haikingi kitu.

4. Fikiri juu ya joto. Wanaotengeneza vifaa hivi wengi wao wako nchi za baridi. Garissa na Lodwar si Boston. Mto wa ngozi bandia hutoa jasho, na jasho huuharibu mto na kuleta upele. Uliza kama viko vifuniko vya kitambaa vya kuvalisha mito, navyo vioshwe.

5. Uliza habari za vipuri kabla ya kuuliza habari za rangi. Vinavyokufa kwanza hujulikana: mito, sifongo ya mikrofoni, na waya pale unapoingia katika plagi au katika kikombe. Je, mito huuzwa peke yake? Je, waya hubadilishwa, au kitu chote hutupwa? Je, yuko mtu Nairobi anayeitengeneza, au lazima ipelekwe ng'ambo na kurudi ikitozwa ushuru? Kampuni nzuri hutoa dhamana ya miaka 5, nyingine 7. Dhamana ni karatasi; itunze pamoja na risiti.

6. Tafuta alama ya kukubaliwa. Hedseti za kazi ya ndege hupimwa kwa kanuni, na nyingi huwa na alama ya TSO. Zile za kusikilizia muziki ambazo abiria huvaa hazikufanywa kwa kazi hii, hata kama zinaua kelele vizuri. Usidanganywe na bei.

7. Ukinunua iliyotumika, nenda nayo kwenye ndege kabla ya kutoa fedha. Linganisha namba iliyo juu yake na ya kwenye karatasi. Ukiambiwa, "Karatasi zimepotea," nawe poteza njia ya kwenda kwake.

8. Sikiliza kengele za ndege ukiwa bado chini. Mwaka 2007 wakuu wa usafiri wa ndege wa Marekani walitoa onyo kwamba hedseti hizi zaweza kumzuia rubani asisikie baadhi ya sauti za tahadhari au mabadiliko ya injini. Basi vaa, washa, na ujaribu kila kengele iwezayo kujaribiwa. Isiyosikika, uijue ni ipi, na jicho lako lifanye kazi ya sikio.

9. Itunze. Usiiache juu ya dashibodi katika jua. Usiining'inize kwa waya. Usiitoe tunduni kwa kuvuta waya, shika plagi. Pangusa mito kila jioni. Mto ukiwa mgumu kama ngozi ya ngoma, mkinga amekufa, badili. Mito mipya ni bei ndogo, nayo huirudisha hedseti ya zamani katika ujana wake.

Na yule asiye na uwezo wa kununua ya umeme asikate tamaa. Hedseti nzuri ya kuziba, yenye mito mipya na upinde unaobana sawasawa, ni bora mara nyingi kuliko ya umeme iliyo mbovu. Wako na marubani wanaotia vizibo vya sifongo masikioni, kisha wakavaa hedseti ya kuziba juu yake na kuongeza sauti ya redio kidogo. Si raha kubwa, lakini ni kinga ya kweli, na vizibo havimalizi mshahara.

NANI ALIPE?

Sasa tumefika penye mfupa. Hedseti nzuri ya umeme huuzwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Kwa kiasi cha shilingi 130 kwa dola, ilivyokuwa karibu katika mwaka 2025, hizo ni shilingi 130,000, bila ushuru wala nauli. Ya kuziba tu huwa karibu theluthi moja ya hiyo. Katika kampuni nyingi ndogo desturi ni kwamba rubani huja na hedseti yake mwenyewe, kama vile harusini mgeni ajavyo na viatu vyake. Asiye nayo hupewa ya kampuni, ambayo imepita vichwa ishirini, mito imepasuka, na jasho la mwenziwe wa jana bado limo ndani. Twajua habari za kijana mmoja aliyeugua masikio kwa hedseti ya namna hiyo, na alipolalamika aliambiwa, "Wenzako mbona hawasemi?" Kampuni hatuitaji. Mwenyewe akisoma atajijua.

Tajiri husema: "Hedseti ni mali ya rubani binafsi, kama saa yake ya mkononi." Sisi hatukubali. Saa ya mkononi humwonyesha wakati hata akiwa nyumbani. Hedseti haivaliwi harusini wala kanisani wala msikitini. Huvaliwa katika ndege ya tajiri, kwa kazi ya tajiri, ili kumkinga mtu na kelele ya injini ya tajiri. Basi ni chombo cha kazi, na chombo cha kazi hutolewa na mwenye kazi.

Wala haya si maneno yetu tu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kuzuia kelele kazini zasema mfanyi kazi asiwekwe katika kelele iliyozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, na kwamba mahali ambapo kelele imezidi 85, mwenye mahali hapo lazima aandike na kutekeleza mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio ya watu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya wote wanaofanya kazi mahali pake. Nayo imeeleza mahali pa kazi kwa upana, si kiwanda chenye kuta na bati tu. Twamwuliza tajiri: mpango wako ulioandikwa uko wapi? Tuonyeshe. Kama hauko, usimwambie rubani habari za saa ya mkononi.

Na tufanye hesabu, kwa kuwa matajiri hupenda hesabu. Hedseti ya shilingi 130,000 ikidumu miaka 5, ni shilingi 26,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama shilingi 71 kwa siku. Kwa shilingi 71 hupati hata lita moja ya mafuta ya ndege. Kampuni inayoweza kuijaza ndege mafuta asubuhi haiwezi kutuambia jioni kwamba haina fedha za masikio ya aliyeirusha.

Wako na wenzetu wanaopinga kwa njia nyingine. Wasema: "Kampuni ikinunua, itanunua ya bei ya chini, na sisi twataka kuchagua." Neno hili lina haki ndani yake. Vichwa si sawa, na hedseti inayomfaa mmoja humbana mwingine. Ndiyo sababu hatuombi kabati la hedseti ofisini. Twaomba posho ya hedseti: kampuni itoe fedha, rubani achague mwenyewe katika zile zilizokubaliwa, na iwe yake peke yake. Akiacha kazi kabla ya miaka 5 kwisha, wapatane jinsi ya kurudisha sehemu iliyobaki. Hilo ni jambo la mezani, si la ugomvi.

TUSIWASAHAU WALIO CHINI

Hapa tena twawaambia ndugu zetu marubani neno moja. Chama hakiwezi kudai kitu cha shilingi 130,000 kwa aliyeketi ndani, kisha kikanyamaza juu ya aliyesimama nje. Mpakizi anayepita nyuma ya ndege iliyowashwa injini hana redio, hana kiti, na mara nyingi hana kitu masikioni ila pamba au mikono yake miwili. Yeye hupata ile kelele nyembamba ya tabini inayoumiza zaidi. Kinga yake ni vikombe vya masikio visivyo na umeme wala mikrofoni, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya hedseti ya rubani. Hakuna tajiri awezaye kusema kwamba hivyo vimemshinda.

Kwa hiyo rubani atakapokwenda mezani kuomba posho yake, na aseme kwa kinywa hicho hicho: "Na vikombe vya wapakizi je?" Na mpakizi atakaposikia kwamba marubani wanadai hedseti, asicheke kwamba matajiri wadogo wanagombana na matajiri wakubwa. Kelele ni moja. Wakidai pamoja watasikilizwa, wakidai mmoja mmoja, kila mtu ataambiwa, "Wenzako mbona hawasemi?"

TUNAYOYATAKA

Twapendekeza mambo haya yaingizwe katika madai ya mapatano yajayo:

(a) Kelele ipimwe ndani ya kila aina ya ndege na katika kila uwanja wa kupakia, na majibu yabandikwe ukutani watu wasome.

(b) Kila rubani apate posho ya hedseti kila baada ya miaka 5, na mito mipya kila mwaka.

(c) Kila anayefanya kazi karibu na injini apewe vikombe vyake mwenyewe vya masikio, visivyovaliwa na mwingine.

(d) Masikio ya wote yapimwe siku ya kuajiriwa na kila mwaka kwa gharama ya mwajiri, na mwenye sikio apewe karatasi ya majibu yake. Bila karatasi ya siku ya kwanza, siku ya kudai fidia utaambiwa kwamba ulikuja ukiwa kiziwi.

(e) Asifukuzwe wala asipunguziwe saa mtu yeyote kwa sababu ya kukataa kuvaa hedseti iliyopasuka.

Ndugu zetu, neno la mwisho ni kwa vijana. Twawaona mkinunua simu mpya kila mwaka, nayo hedseti imefungwa kwa ugwe na gundi. Tajiri anayo makosa yake, nasi tutamwambia usoni. Lakini tukingoja mapatano yatiwe sahihi, kinyweleo hakingoji. Badili mito leo. Tia vizibo leo. Nenda ukapimwe mwezi huu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Twawaomba msikie sasa, wakati mngali na masikio.

Kila tawi lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao, na katibu wa tawi aandike majina ya wote wanaofanya kazi karibu na injini, aina ya kinga waliyo nayo, na nani aliyeinunua. Orodha zifike ofisini kabla ya mazungumzo kuanza. Tutakwenda mezani tukiwa na hesabu mkononi.

Umoja ni nguvu.